Wasomaji Wanauliza: Kumtafuta Mwenzako wa Kazini Baada ya Miaka Mingi

Wengi walioandika safari hii wanamtafuta mtu wa namna moja: yule mliyepokezana naye zamu, mkala naye mihogo ya saa nne, kisha kiwanda kikafungwa au uhamisho ukaja, kila mtu akashika njia yake. Tumechagua barua sita.

Namba ya zamani haipatikani

*Nilifanya kazi kiwanda cha nguo hapa Morogoro kuanzia 1992 hadi tulipopunguzwa 2003. Mwenzangu wa zamu alihamia Mwanza. Daftarini nina namba yake inayoanza na 0744, nikipiga naambiwa si sahihi. Jina lake kamili silijui, sote tulimwita Fundi Mrefu. Nianzie wapi? (Msomaji, Kihonda)*

Anza na hiyohiyo namba, maana huenda bado iko hai. Tarakimu za mwanzo za simu za mkononi Tanzania zilibadilishwa baada ya ninyi kuachana. 0744 ya Vodacom ikawa 0754. 0741 ya Mobitel, iliyokuja kuitwa Tigo, ikawa 0713. 0748 ya Celtel, ambayo leo ni Airtel, ikawa 0784, na 0747 ya Zantel ikawa 0777. Tarakimu sita za mwisho hazikuguswa. Andika 0754, fuatisha zile sita, piga. Namba za mezani ni ngumu zaidi: si msimbo wa mji tu uliobadilika (051 ya Dar es Salaam kuwa 022, 056 ya Morogoro kuwa 023), namba yenyewe nayo ilirefushwa, na nyingi zilikatwa zamani. Usizipotezee siku.

Ikiita, usiharakishe kufurahi. Laini isiyotumika muda mrefu hupewa mteja mwingine, na laini ambazo hazikusajiliwa kwa alama za vidole zilianza kuzimwa tarehe 20 Januari 2020. Anayepokea huenda ni binti wa chuo asiyejua lolote kuhusu kiwanda chenu. Usimwanze na "Wewe nani?" Hilo ndilo linalofanya watu wakate simu. Sema: "Samahani kwa usumbufu, namtafuta mzee aliyekuwa na namba hii zamani, alikuwa fundi Morogoro." Kama siye, mshukuru, futa namba, usirudi kumpigia.

Wapo wanaotumia njia ya kuanza kutuma pesa kwa simu ili jina la mwenye laini lijitokeze, kisha wakasitisha kabla ya kuthibitisha. Inasaidia, lakini laini za wazee wengi zimesajiliwa kwa jina la mtoto au mke. Na kwako haitakufaa sasa hivi, kwa sababu hata jina likitokea hutajua kama ndilo lake. Kazi yako ya kwanza ni kulipata jina.

Jiulize ni wapi Fundi Mrefu aliandikwa kwa jina la serikali. Daftari la kufa na kuzikana, ambamo kila mtu alitia saini akichanga rambirambi. Fomu ya mkopo wa SACCOS, aliyekopa na waliomdhamini. Kadi ya chama cha wafanyakazi. Kadi ya harusi ya mwanawe, ambayo huenda iko kabatini kwa mtu hadi leo. Halafu wafikirie watu walioandika majina kwa kazi yao: karani wa mishahara, mtunza stoo aliyegawa ovaroli, na mama ntilie wa getini. Huyu wa mwisho watu humsahau, na ndiye tungemwendea kwanza. Aliwakopesha chakula hadi mwisho wa mwezi, na anayekopesha huandika jina, huuliza mtu anakaa wapi, na akihama hujua amehamia kwa nani.

Ukiwafikia hao, usiulize "Unajua Fundi Mrefu yuko wapi?" Watajibu hawajui na mazungumzo yataishia hapo. Uliza: "Mara ya mwisho ulimwona na nani?" Jibu la swali hilo ni jina la mtu mwingine, na kwa huyo utauliza hivyohivyo. Andika kila jina, namba na tarehe kwenye karatasi moja, maana baada ya watu wanne au watano utaanza kuchanganya.

Mwanza ni kubwa, usiende kwa kubahatisha. Hakikisha kwanza umepata mtaa, au msikiti au kanisa analosali. Kisha pita kwa mwenyekiti wa mtaa au balozi, ujitambulishe, umwachie karatasi yenye jina lako, mahali mlipofanya kazi, miaka, na namba yako. Acha namba yako, usiombe yake. Mwenyekiti mwangalifu hampi mgeni namba ya mkazi wake, lakini kupeleka karatasi hakumgharimu kitu, na Fundi Mrefu atakuwa huru kuamua mwenyewe.

Naandika, nafuta

*Nimeipata namba ya dada tuliyefanya naye kazi benki miaka kumi na minane iliyopita. Yeye alikuwa mkubwa wangu. Siku ya nne leo naandika ujumbe WhatsApp na kuufuta. Nikiandika kifupi naonekana tapeli, nikiandika kirefu naona aibu. (Msomaji wa kike, Dodoma)*

Hofu yako ina msingi, dada. Kila mwenye simu amewahi kuletewa "ile hela tuma kwenye namba hii", na wengi wamewahi kuandikiwa na "rafiki wa zamani" ambaye siku ya tatu ana mgonjwa hospitalini. Anayepokea ujumbe wako hujiuliza mambo mawili kabla ya kukukumbuka: ni kweli ni yeye, na anataka nini? Ujumbe usiojibu yote mawili utasomwa na kuachwa.

Ujumbe unaofanya kazi ni kama huu:

*"Shikamoo dada. Mimi ni Fulani, niliyekaa kaunta namba tatu tawi la Dodoma, 2005 hadi 2007. Wewe ndiye uliyenifundisha kufunga hesabu za jioni, na siku ile zilipogoma kwa shilingi mia mbili tulikaa hadi saa mbili usiku. Namba yako nimepewa na (mtaje). Sina shida yoyote, nimekukumbuka tu, ningependa kukusalimia kwa simu siku utakayopata nafasi. Kama huna nafasi, usijali."*

Tazama kilichomo. Shikamoo inatangulia kwa sababu alikuwa mkubwa wako. Miaka kumi na minane haijamgeuza rika lako. Jina lako limefungwa na mahali, kaunta na miaka. Kuna kisa kimoja ambacho tapeli hawezi kukijua, nacho ni kidogo. Zile mia mbili zinamkumbusha kuliko kuandika "tulipendana sana kazini". Umemtaja aliyekupa namba, ili aweze kumuuliza kabla ya kukujibu. Mwombe ruhusa huyo kabla ya kumtaja. Na umesema unachotaka, pamoja na mlango wa kukataa.

Kama una shida kweli, iseme kwenye ujumbe huohuo wa kwanza. Hili tunalisisitiza kuliko jingine lolote kwenye ukurasa huu. Mtu akiandika "nimekukumbuka tu", akaulizwa habari za watoto kwa wiki nzima, halafu akaomba mkopo au kazi ya mwanawe, mwenzake huhesabu kwamba zile salamu zote zilikuwa ngazi. Anaweza hata kusaidia, lakini simu ya pili hatapokea. "Nakuandikia kukusalimia, na pia nina jambo la kukuomba ushauri kuhusu ajira ya binti yangu" haimkosei mtu heshima.

Tuma kati ya saa nne asubuhi na saa kumi na moja jioni. Kama ni Ramadhani na yeye amefunga, usimpigie karibu na futari. Weka picha yako halisi kwenye wasifu, uso uonekane. Ua la waridi au aya haimwambii kitu. Usimtumie sauti ya dakika tatu kama ujumbe wa kwanza, maana hawezi kuisikiliza mbele za watu bila kujua ni ya nani. Usimpigie simu ya video bila ahadi, wala usibipu.

Akisoma asijibu, ngoja wiki mbili. Huenda amefiwa, huenda simu iko kwa mtoto. Tuma ujumbe mmoja tu wa pili, mfupi: "Shikamoo dada, ni Fulani wa tawi la Dodoma, nilikusalimia wiki mbili zilizopita. Namba yangu ni hii ukipata wasaa." Baada ya huo, acha. Wa tatu ni usumbufu, na kumtuma mtu wa kati akamuulize kwa nini hajibu ni kumtia aibu.

Na wewe jilinde pia. Akijibu na baada ya muda mfupi akakuomba umtumie tarakimu sita zilizoingia kwenye simu yako, huyo si yeye. Ni mtu aliyeiteka akaunti yake, na zile tarakimu ndizo zitakazompa ya kwako.

Ni mke wa mtu sasa

*Nilifanya kazi na mwanamke mmoja ofisi ya forodha Tanga, tuliheshimiana kama ndugu. Ameolewa, na mimi nina mke. Nikimtafuta itakuwa vibaya? (Msomaji, Pongwe)*

Haitakuwa vibaya ikifanyika mchana kweupe. Mwambie mkeo kabla hujatuma chochote, na mwonyeshe ujumbe. Mwite mwenzako dada, au kwa jina la mtoto wake ukilijua, na katika mistari ya kwanza uliza hali ya shemeji. Usiandike usiku. Ukimpigia akapokea mumewe, usikate simu, kwa sababu simu iliyokatwa haina maelezo. Jitambulishe kwake, sema mlifanya kazi wapi, omba umsalimie "mama". Waalike wote wawili. Mwanamume akikuona umekuja na mkeo, swali lake kubwa limeshajibiwa.

Deni la miaka mingi

*Mwaka 1999 nilimkopa mwenzangu shilingi 20,000, nikahamishwa kabla ya kulipa. Nimempata. Namlipa kiasi gani, na naanzaje? (Msomaji, Unguja)*

Anza kwa sauti, usianze kwa pesa. Pesa ikiingia kwenye simu yake bila maneno atadhani ni ule utapeli wa "nimekosea kutuma, naomba unirudishie". Mpigie, jitambulishe, sema: "Nina deni lako la 1999, elfu ishirini, sijalisahau." Wengi watacheka na kusema wamesamehe. Mwache aseme, kisha mwombe akubali.

Kiasi: deni lenyewe ni 20,000, hilo halibadiliki. Lakini elfu ishirini ya 1999 ilinunua vitu ambavyo ya leo hainunui, na wewe unajua hivyo, ndiyo maana umeuliza. Njia nyepesi ni kukumbuka ulizifanyia nini. Kama zilinunua gunia la mkaa na mchele wa mwezi, piga bei ya vitu hivyohivyo sokoni leo. Tofauti itoe kama zawadi, kwa hiari yako. Kwa Muislamu mwenye wasiwasi wa riba: kinachokatazwa ni nyongeza iliyowekwa sharti wakati wa kukopa. Mdaiwa kulipa kwa wema zaidi ya alichochukua, bila kudaiwa, ni jambo lililosifiwa.

Ukikuta amefariki, deni ni la warithi. Usimpe tu ndugu wa kwanza utakayemkuta. Ulizia msimamizi wa mirathi au mjane na watoto wakubwa, lipa mbele ya mtu wa pili, andika karatasi yenye tarehe na saini.

Mwenzake baba wa East African Railways

*Baba yangu ana miaka 79. Alikuwa fundi wa East African Railways hapa Nairobi. Mwenzake Mtanzania alirudi kwao Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977. Kila siku anamtaja. Sisi watoto tutampataje, na tufanye nini tukisikia hayuko tena? (Msomaji, Nairobi)*

Fanyeni upesi. Hii ndiyo barua iliyotugusa kuliko zote, na ndiyo yenye muda mchache.

Kwanza kaeni na baba mara mbili au tatu, kwa vikao vifupi, asubuhi akili ikiwa nyepesi. Msimuulize "Unakumbuka nini?" Muulizeni vitu vyenye jibu. Jina lake kwenye orodha ya mishahara lilikuwa lipi? Kazi yake hasa: dereva, gadi, fundi wa injini, karani wa stesheni? Mlikaa kota zipi? Alikuwa wa kabila gani, na likizo akienda kwao alishukia stesheni gani? Mkewe alikuwa nani, mtoto wa kwanza aliitwa nani? Stesheni ya likizo ina thamani kuliko jina. Aliyeshukia Tabora akaunganisha kuelekea Mwanza hatafutwi mahali pamoja na aliyeshukia Korogwe au Moshi.

Baada ya 1977 reli ya upande wa Tanzania ilibaki chini ya Shirika la Reli Tanzania, na wengi waliorudi waliendelea humo hadi kustaafu. Kwa hiyo anzeni na miji ya reli: Tabora, Morogoro, Dodoma, Tanga, Kigoma. Kila mmoja una wazee wa reli wanaojuana kwa zamu na kwa kota. Kuna njia nyingine ambayo watu wa nje hawaifikirii. Wafanyakazi wa iliyokuwa Jumuiya walidai mafao yao Tanzania kwa miaka mingi, hadi mahakamani, na madai yale yaliwakutanisha upya watu waliokuwa wametawanyika. Mzee mmoja aliyefuatilia madai hayo anaweza kujua wenzake wengi, walio hai na waliotangulia. Muulizeni mstaafu yeyote wa reli mtakayempata: "Nani alikuwa anafuatilia mafao ya Afrika Mashariki hapa kwenu?"

Jaribuni redio pia, hasa inayosikika mji ule, maana wazee wanasikiliza. Tangazo liwe fupi la kusomwa kwa pumzi mbili: anayetafutwa (jina na jina la utani), kazi na mahali, miaka, anayemtafuta, namba. Usalama wenu: wekeni namba ya mtoto mmoja aliyezoea simu, isiwe ya baba, kwa sababu tangazo huleta na matapeli. Atakayepiga aulizwe jambo moja ambalo hamkulitangaza, kama jina la mtoto wa kwanza. Kutoka Kenya mkipiga namba ya Tanzania, anzeni na +255, mwondoe sifuri ya mbele, mmalizie tarakimu tisa. Watu hukosea hapo na kudhani namba imekufa.

Mkimpata, simu ya kwanza wasipige wazee wenyewe. Watoto kwa watoto waongee kwanza: afya ikoje, anasikia vizuri, kumbukumbu imebaki kiasi gani. Kisha pangeni saa, chumba kitulie, redio izimwe, simu iwekwe mezani kwa sauti ya nje, mjukuu akae karibu wa kurudia lisilosikika. Dakika kumi zinatosha mara ya kwanza.

Mkisikia amefariki, msimwambie baba kwa simu wala jioni akaenda kulala nalo. Aambiwe asubuhi, akiwa amekunywa chai, na mtu ambaye yeye humsikiliza. Kisha mpeni kazi ya kufanya: apige mwenyewe simu kwa mjane au watoto, aseme "Poleni, mimi nilifanya kazi na baba yenu Nairobi." Pole ya miaka mingi baadaye hupokelewa. Watoto wengi wa watu wa reli hawakuwahi kusikia baba yao alikuwa kijana wa namna gani kazini, na baba yenu ndiye aliyebaki wa kuwaambia. Mkituma mkono wa pole, utangulie simu hiyo au uifuate siku ileile, na utajwe ni wa nani.

Namhitaji kuwa shahidi

*Michango yangu ya 1996 hadi 1999 haionekani NSSF. Karani wetu wa mishahara wa wakati ule nimempata. Nimwombe nini? (Msomaji, Dar es Salaam)*

Mwombe karatasi kabla ya ushahidi wa mdomo. Hati zake za mshahara za miezi ileile zinaonyesha kwamba mwajiri alikuwa anakata mchango. Tafuta na zako, barua ya ajira, na kitambulisho cha kazi. Kumbuka kuwa miaka yako ya kwanza ilikuwa chini ya mfuko wa NPF, uliotangulia NSSF. NSSF iliundwa kwa sheria ya 1997, kwa hiyo namba ya uanachama ya zamani inaweza kuwa kwenye kadi ambayo uliidhani haina kazi tena. Ipeleke.

Akikubali kuapa, hati ya kiapo huandikwa na kusainiwa mbele ya wakili. Aape aliyoyaona tu: kwamba ulikuwa kwenye orodha, miaka gani, kitengo gani. Usimpangie tarehe asizozikumbuka. Tarehe ikipingana na karatasi, hati nzima inatiliwa shaka. Lipa wewe gharama ya wakili, nauli na chakula chake cha mchana. Zaidi ya hapo usimpe kitu kabla kazi haijaisha, isije ikaonekana umenunua maneno.

Siku ya kukutana

Karibu kila aliyeandika ameuliza hili mwishoni. Mara ya kwanza mkutane nje, mchana, mahali penye viti vyenye egemeo na choo karibu, maana si vijana tena. Aliyealika ndiye anayelipa. Ukialikwa nyumbani, kilo mbili za sukari na majani ya chai, au doti ya khanga kwa mwenye nyumba, zinatosha; zawadi kubwa humfanya mwenzako ahesabu atarudisha nini. Usiulize mshahara, nyumba, wala kwa nini ndoa iliisha. Anza na majina ya watu wa pale kazini, mmoja mmoja, na kila mmoja aseme anachokijua.

Beba picha ya zamani, ile ya karatasi, usiridhike na iliyo kwenye simu. Kuipiga nakala, ilaze karibu na dirisha, zima mwanga wa simu, itoe kwenye fremu ili kioo kisirudishe mwanga, shika simu juu yake ikiwa sambamba. Mkiwa pamoja andikeni majina ya wote waliomo, nyuma ya picha, pembeni, kwa penseli laini na bila kukandamiza. Kalamu ya wino huacha alama inayotokeza kwenye nyuso za upande wa pili.